Sijambo Haijazi Fomu ya Bima

Fomu ya bima ya safari haisomwi kuanzia mwanzo. Nawaambia hili hata kabla ya kusalimiana, kwa sababu najua vijana hamna subira, na mkiishia hapa angalau mtakuwa mmeokota la maana. Igeuzeni. Anzeni na ukurasa wa nyuma, kwenye yale maandishi madogo yaliyosongamana, panapotajwa mambo ambayo kampuni haitayalipia. Ukishayajua hayo, rudi mbele uone kama kilichobaki kinakutosha safari yako.

Sikuzaliwa na maarifa hayo. Nilifundishwa na Bwana Nasoro, aliyeniajiri ukarani miaka ya hamsini, Tanga mjini. Alikuwa mtu wa ukoo wa Kiomani, mwenye minazi upande wa Pangani na uwakala wa kampuni tatu za bima. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa la nduguye. Mimi nilitoka Chumbageni kwa baiskeli kila asubuhi, nikapanda ngazi, nikafungua madirisha, nikapanga fomu: za kampuni ya kwanza nyeupe, za pili kijani, za tatu rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Nilipenda sana kupanga. Bwana Nasoro alisema ningeachiwa peke yangu ningepanga hata nzi.

Wateja wetu wengi walikatia bima malori, maduka na nazi kavu. Wasafiri walikuwa wachache, na karibu wote walikwenda kwa meli: wafanyabiashara wa Bombay, mahujaji, mara mojamoja mwalimu anayekwenda kusoma ng'ambo. Mtu wa meli ni rahisi kumwandikia. Anapanda hapa, anashuka pale, siku zinajulikana.

Kisha akaja Zakaria.

Nakumbuka alivyoingia, maana shanta lake la mgongoni lilikwama mlangoni akawa anavutana nalo huku anatusalimu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, Msambaa, Mlutheri, seremala. Baba yake, Mzee Petro, alishuka kutoka milimani zamani kuja kukata mkonge, na familia ilikuwa ikiishi kambini kwenye shamba moja nje ya mji.

"Bwana Karani," aliniambia, "nataka bima ya mtu anayetembea."

"Anayetembea kwenda wapi?"

"Kairo."

Bwana Nasoro aliweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Kairo ya Misri?"

"Ndiyo, bwana. Mombasa, Nairobi, Kampala, kisha naufuata mto. Pengine nitapanda gari moshi, pengine lori, pengine miguu. Nikiishiwa nasimama, natengeneza milango ya watu, napata nauli, naendelea. Naona itachukua miaka miwili."

"Na ukifika Kairo?"

"Kuna shule ya ufundi. Wasiponipokea, nitakuwa nimeiona."

Bwana Nasoro alicheka mpaka akajifuta macho, lakini nilimjua. Hakucheka kwa dharau. Aliniashiria nilete fomu za rangi zote tatu, akazitandaza mezani, akamwambia Zakaria avute kiti.

Sasa sikilizeni jinsi mzee yule alivyochagua, kwa sababu hata leo sijaona njia bora ya mtu mwenye fedha kidogo na safari ndefu.

Alizigeuza zote tatu kifudifudi. Ile nyeupe ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote, na Zakaria alikuwa keshaikodolea macho. Bwana Nasoro akaweka kidole kwenye mstari wa nne kutoka chini. Palisema bima ingekufa siku msafiri atakapofanya kazi ya mikono. "Hii ni ya mtu anayekwenda kuangalia," alisema. "Wewe ukishika msumeno tu, umeitupa majini." Ile ya kijani iliruhusu kazi, lakini haikuvuka Uganda. "Hii inakusindikiza nusu ya njia, halafu inakuaga." Ya rangi ya maziwa iliruhusu kazi ya useremala, mradi itajwe, na ilifika mpaka Misri. Ilikuwa ghali kidogo. Zakaria akawa anapapasa kamba ya shanta lake.

"Hata hii inapunguzika," Bwana Nasoro alimwambia. "Ukikubali homa ndogondogo ujilipie mwenyewe, nao wabebe hospitali ya kulazwa, mguu uliovunjika na kurudishwa kwenu, inashuka. Homa ya siku mbili haikurudishi umaskini. Kulazwa mwezi mzima Sudani, wallahi, kunaweza kumuuzisha baba yako nyumba."

Hilo lilimwingia. Baba yake hakuwa na nyumba ya kuuza kambini, ila kishamba cha milimani ambacho wadogo zake Zakaria wangekuja kukitegemea.

Ikabaki kazi yangu, kujaza. Niliketi mbele ya taipureta, nikatia karatasi mbili na kaboni katikati, nikauliza jina, umri, kazi, jina la baba. Nikafika kwenye swali la afya.

Nilimuuliza kama tunavyoulizana watu wa pwani. "Na afya yako je, Zakaria?"

"Njema, namshukuru Mungu."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo kabisa."

Nikapiga taipu: *Afya njema. Hana ugonjwa wowote.* Akatia sahihi, nami nikaona fahari, maana karatasi haikuwa na kosa hata moja la herufi. Fomu ikaenda tawi la kampuni lililoko Mombasa kwa posta. Bima ingeanza kazi Jumatatu ya wiki iliyofuata, siku ambayo Zakaria angepanda gari moshi la Nairobi. Kabla ya hapo alikuwa na kazi ya siku chache Kigombe, kutengeneza mlango, apate nauli ya basi la Mombasa.

Jumatano asubuhi alikuja Mzee Petro. Alipanda ngazi taratibu, amevaa koti lake la kanisani, ameleta mkungu wa ndizi za milimani kutushukuru.

Niliinuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za kambini?"

"Njema."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na kazi?"

"Kazi njema tu, ila mkono huu umeanza kukataa panga."

"Pole sana, mzee. Na Zakaria?"

"Zakaria naye njema. Ila tunamwombea tu kile kifua. Tangu alipofanya kazi chumba cha brashi, wanakosafishia nyuzi kule kiwandani, lile vumbi la mkonge likamwingia. Masika iliyopita alibanwa na pumu, tukakesha naye siku tatu zahanati. Mama yake anasema huko mbele kuna vumbi zaidi."

Nilibaki nimeushika ule mkungu wa ndizi.

Mnaelewa kilichotokea? Nyinyi pia mmelelewa hivyo. Mtu wa kwetu ukimuuliza habari, atakujibu njema, hata kama ametoka kuzika. Njema ni adabu. Ni mlango tu wa mazungumzo. Habari yenyewe inakuja baadaye, nyuma ya neno "ila", baada ya mtu kukaa, kuvuta pumzi, kuuliza za kwako. Mimi mtoto wa pwani, niliyejibu njema maelfu ya mara nikiwa na homa, nilikuwa nimeichukua adabu ya kijana wa watu nikaipiga taipu kama ripoti ya daktari. Kisha nikavuta karatasi kabla hajafika kwenye "ila".

Na ukurasa wa nyuma wa fomu ya rangi ya maziwa, mstari wa juu kabisa, ulisema hivi: msafiri akificha ugonjwa anaoujua, hati nzima ni bure. Si kifua peke yake. Yote. Hata akivunjika mguu.

Nilimshukuru Mzee Petro, nikamsindikiza hadi chini, sikumwambia kitu. Hilo najutia, lakini uso wake ulikuwa na furaha. Nikapanda tena ngazi, nikamweleza Bwana Nasoro yote, nimesimama.

Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Hamisi, ulimuuliza kama karani au kama mgeni aliyebisha hodi?"

"Kama mgeni, bwana."

"Basi nenda ukaulize kama karani. Chukua fomu mpya na kaboni. Basi la Mombasa linaondoka kesho asubuhi, lazima aondoke na karatasi iliyonyooka. Na usirudi na jawabu nusu, yakhe."

Kutoka Tanga hadi Kigombe kwa baiskeli, kwa barabara ya siku zile, si matembezi. Mchanga ulikuwa unashika gurudumu kama mtu anayekudai. Nilipita Tongoni jua likiwa utosini, suruali nimeifunga kwa kamba isije ikaingia kwenye mnyororo, fomu nimezitia kifuani ndani ya shati. Njia nzima nilikuwa nikifikiria Sudani, nchi ambayo sikuwahi kuiona, na Zakaria amelala kwenye kitanda cha hospitali huko, na karani mwingine kama mimi anasoma: *hana ugonjwa wowote*.

Nilimkuta uani kwa Bibi Mwanaisha, mwenye ule mlango. Bibi alikuwa mjane, mkali wa ulimi, anakuna nazi kwenye mbuzi huku anamsimamia fundi kwa jicho moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umelowa hivyo, umekuja kwa kuogelea?"

"Nimekuja kwa baiskeli, bibi. Namtafuta fundi."

"Fundi huyo hapo, ananilia wali tangu Jumatatu na mlango bado unacheka, haufungi. Watu wa mlimani hawana haraka, wanadhani jua linawasubiri."

"Bibi, mbao ulizonunua ndizo zilizopinda," Zakaria alijibu, hana hata kinyongo. Akanitazama. "Kaka Hamisi, kuna nini? Baba?"

"Baba mzima. Nimetoka kuongea naye." Hapo hapo nikajiona nimerudia yaleyale, nikajirekebisha. "Namaanisha, mkono unamsumbua, lakini yuko sawa. Zakaria, kifua chako."

Randa ilisimama juu ya ubao.

"Kifua gani?"

"Cha masika iliyopita."

Alitazama chini. "Kile kilipona. Mchungaji aliniombea, na tangu hapo sijabanwa."

"Hata mara moja?"

"Mara moja. Mbili. Kidogo tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza?" Alisema kwa upole, na ndiyo maana liliniuma zaidi. "Uliniuliza hali, nikakujibu. Nilitaka kuongeza, nawe ukawa umeshageuka kwenye mashine, unapiga ta-ta-ta. Nikasema, huyu bwana ana kazi."

Nikatoa fomu mpya. Hapo Bibi Mwanaisha akaacha kukuna nazi.

"Wewe kijana, umetoka mjini kote huko kuja kumwandikia mtoto wa watu maradhi? Yuko kwenye safari! Msafiri huombewa dua, haandikiwi pumu kwenye karatasi. Ukiiandika umeiita."

"Bibi, haiitwi. Imeshakuja mara tatu bila kuitwa."

"Sema Mungu apishe mbali!"

"Mungu apishe mbali."

"Haya." Akarudi kwenye nazi, lakini sikio aliliacha kwetu.

Zakaria alikuwa na hofu nyingine. "Nikiandika nina pumu, watanikataa. Au watataka nyongeza nisiyokuwa nayo. Nina nauli ya kufika Nairobi na ada niliyokwisha walipa. Basi. Kaka, iache kama ilivyo. Mungu akipenda sitabanwa."

"Na usipobanwa, ukavunjika mguu tu, wakaja kuuliza zahanati ya kambi? Kitabu chao kinasema siku tatu ulilala pale. Hawatalipa hata mguu. Utakuwa umenunua karatasi."

Alipuliza unga wa mbao kwenye randa. Nami nilijua kuwa akiikosa ile nyongeza ataondoka hivyo hivyo, bila bima ya maana, kwa ajili ya kosa langu. Nikafanya alichonifundisha Bwana Nasoro. Nikaigeuza fomu, nikaanza nyuma, mstari kwa mstari, kutafuta kitu cha kupunguza. Nikafika kwenye mizigo. Sehemu kubwa ya ada yake ilikuwa inalipia mizigo iliyopotea, maana fomu ile ilitungwa kwa watu wenye masanduku.

"Shanta lako lina nini?"

"Suruali mbili. Biblia. Blanketi. Randa, msumeno mdogo, patasi tatu."

"Ukiibiwa?"

"Randa itaniuma. Nyingine nitaichonga."

"Basi mizigo tunaitoa. Fedha ile iende kwenye kifua. Uko radhi?"

Alifikiri. Bibi Mwanaisha akajibu kabla yake, bila kuinua kichwa: "Yuko radhi. Nani ataiba blanketi lile? Lina harufu ya sungura."

Zakaria akacheka, nami nikacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Tukaandika kwa kalamu, juu ya ubao wa mlango, kaboni katikati. Safari hii niliuliza kama karani. Mara ya mwisho kubanwa lini? Ulilala zahanati siku ngapi? Walikupa dawa gani? Ukipanda mlima unapumzika? Kila alipojibu, nilihesabu kimya hadi kumi kabla ya kuandika, nikisubiri ile "ila". Ilikuja mara mbili. Mara moja ilihusu jino, nikaliandika pia. Akatia sahihi, kidole chake kikaacha alama ya gundi ya mbao pembeni mwa karatasi.

Nakala ya juu alikwenda nayo kwenye tawi la Mombasa. Ya chini nilirudi nayo Tanga.

Ijumaa ilipita bila neno. Jumamosi, ofisi ikiwa karibu kufungwa, ikaja telegramu kutoka tawi la Mombasa: wamekubali, mizigo imetolewa, kifua kimeingizwa, nyongeza hakuna. Bwana Nasoro aliisoma, akanipa niiweke kwenye jalada. "Leo panga kwa raha yako," alisema.

Tangu siku ile sikumwuliza tena mteja hali yake kwa ajili ya fomu. Salamu tulimaliza kwanza, zote, mpaka za mbuzi. Kisha nikasema, "Sasa naanza kazi," nikahamisha kiti, nikauliza nyumbani kwao kuna chupa gani za dawa na nani huzinywa. Makarani waliokuja baada yangu walicheka. Baadaye fomu zikaja na visanduku vya kutia alama, ndiyo au hapana, wakasema mambo yamerahisishwa. Mimi nawaambia kisanduku hakijui adabu zetu. Mtu wa kwetu atatia alama ya "hapana" kwa heshima tu, asikusumbue. Ukiwa wewe ndiye unayejaza, sema lako lote, hata kama karani ameshageuka kwenye mashine. Mguse bega.

Mwaka uliofuata, wakati wa vuli, ikaja barua ya Mombasa. Zakaria amelazwa hospitali moja Sudani, kifua, baada ya upepo wa vumbi uliodumu siku nyingi. Hospitali inadai gharama. Tawi linauliza: je, ugonjwa huu ulitajwa kabla ya safari? Wao walikuwa hawaioni fomu ya pili. Walikuwa na ile ya kwanza tu, ya taipu, safi, isiyo na kosa hata moja la herufi.

Nilikwenda kwenye kabati. Kupanga kulinifaa: nakala ilikuwa mahali pake, pamoja na telegramu yao, na ule mstari wa pumu ulisomeka, na alama ya gundi ilikuwa palepale. Bwana Nasoro hakuamini posta. Alipanda basi mwenyewe, nakala na telegramu zimo ndani ya koti, akaziweka mezani kwao Mombasa. Aliporudi aliniambia wamelipa, na kwamba mkubwa wa pale aliinusa ile karatasi akauliza kwa nini ina harufu ya nazi.

Lakini kulipa si kupona. Hilo hakuna fomu inayolijibu. Miezi ikapita hatuna habari, nami kila niliposikia hatua nzito kwenye ngazi nilisimamisha taipureta.

Asubuhi moja hatua zile zilikuwa za Mzee Petro. Koti lilelile la kanisani. Hakuleta ndizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za kambini?"

"Njema."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

Nilisogeza kiti, akaketi. Nikauliza: "Na Zakaria?"

"Njema. Tumepata barua yake jana."

Nikasubiri. Nilihesabu mpaka kumi, nikafika ishirini. Bwana Nasoro naye alikuwa ameinua kichwa. Mzee alivuta pumzi, akapangusa paji la uso, akaitazama dari yetu kana kwamba ameiona leo. Sikuweza tena.

"Ila nini, mzee?"

"Ila amenenepa," akasema. "Amepiga picha mbele ya shule yao huko Kairo. Mama yake hakumtambua."